Mti Namba Kumi na Saba

Kileleshwa, mwezi wa nne, ploti ya nusu ekari.
Nyumba ya zamani tuliibomoa kwa siku mbili,
vigae vikapakiwa, milango ikapata mnunuzi,
na miti ikaandikwa namba kwa rangi nyekundu
kama watoto wa shule waliopangwa kwa kimo.
Kumi na sita imelala.
Mimi ndiye niliyeilaza.

Namba kumi na saba ni mjakaranda.
Nilishavuta kamba ya msumeno,
nikanusa petroli, nikapima uangukie wapi,
ndipo juu yangu kikapasuka kile kicheko
kinachotuamsha Nairobi nzima kabla ya saa kumi na mbili,
tukakilaani tukijifunika blanketi:
haa! haa-haa-haa!
Kwarara.
Akacheka, lakini hakuruka.
Ndege mwenye nafasi ya kuondoka huondoka.
Huyu alinitazama kwa jicho moja, kiupande,
mdomo wake mrefu umepinda kunielekea
kama kidole cha hakimu.

Nikazima.

Kerubo, karani wa saiti, akapanda ngazi
kofia ngumu imemlalia sikioni.
Akashuka, akaandika kwenye daftari la siku:
*Na. 17. Mayai matatu. Wapangaji wamo ndani.*
Akapiga mstari chini yake mara mbili
hata kalamu ikatoboa karatasi.

Foremani Gathogo akaja na jua lake usoni.
"Ngoja ngoja huumiza matumbo."
"Matumbo ya nani?"
"Ya mwenye mkopo."
"Basi anywe maji ya moto."
Tulicheka, ila kwa akiba;
Jumamosi ni siku ya mshahara.

Sitaki kujifanya mwema.
Nitakwambia kilichonishika mkono.
Nilikuwa na miaka tisa, Mukuru, barabara inapita.
Notisi ilibandikwa ukutani: siku saba.
Walikuja siku ya nne.
Mama alikuwa na mtoto mchanga, Ndunge,
hata kitovu hakijakauka,
na nepi zake zilibaki kwenye kamba
baada ya ukuta ulioshika kamba kwenda.
Mwendesha tingatinga hakugeuka.
Sikuuona uso wake. Niliiona shingo,
imekunjamana, ina jasho, ya mtu wa kawaida,
na mpaka leo ninyoapo kwa kinyozi
huogopa kioo cha nyuma.

Tukazungusha mkanda wa njano, hatua ishirini kila upande.
Tukahamia kuchimba kule kwenye choo cha zamani.
Mvua nayo ikaingilia kati: shimo likajaa,
hata Gathogo akakosa wa kumlaumu.
Wiki ya nne nikasikia kitu kama msumari
ukichomolewa taratibu kwenye mbao mbichi.
Vifaranga wawili. Yai la tatu lilikaa kimya,
na mama yao akaendelea kulikalia siku mbili zaidi,
jambo ambalo Kerubo hakuliandika.

Siku moja lori la kokoto likapiga honi getini.
Gathogo akatoka mbio, matope mpaka magotini:
"We! Zima hiyo! Kuna mtoto kalala!"
Akatuona tunamtazama.
Akakohoa, akauliza nani kaiba koleo.

Katikati ya Juni wa kwanza aliruka,
kama kuanguka kuliobadili mawazo,
akatua juu ya mifuko ya saruji, akajinyea.
Wa pili alitukawiza mpaka Alhamisi.

Nilingoja siku tatu ambazo hakuna aliyeniagiza.
Nikapanda mwenyewe, nikagusa vile vijiti:
vikavu, baridi, manyoya mawili ya kijivu.
Nikashuka. Nikavuta kamba.
Usidhani msumeno ulilia. Ulifanya kazi yake,
na mti ukaenda nilipoupangia,
maua machache ya msimu uliopita
yakaniangukia shingoni.

Nikaichukua kalamu ya Kerubo, kwa mwandiko wangu mbaya:
*Na. 17. Umekatwa leo, saa nne asubuhi.*
*Haukuwa na mtu.*